Kundi Lililokufa Siku ya Usafi: Uchambuzi wa Kisa cha Neoni Ishirini na Wawili

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Nairobi, katika nyumba iliyo ghorofa ya tatu, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai. Tangu samaki wa kwanza alipoonekana akipapatika juu ya maji hadi wa kumi na saba alipotolewa amekufa, zilipita saa sita tu. Ninakieleza kwa urefu kwa sababu mwenye tangi hakuwa mzembe. Ni muuguzi mstaafu ambaye majirani wote humwita Sista hadi leo, na usafi kwake si desturi tu bali ni kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Samaki wake waliishi miezi kumi na moja katika maji yaliyokuwa yakiharibika polepole, kisha wakafa siku ambayo sehemu kubwa ya maji hayo iliondolewa na mahali pake pakatiwa maji safi. Wafugaji wengi wa samaki wa nyumbani wamepatwa na jambo kama hili na wakaitupia klorini lawama. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara mbili, kabla sijajifunza kuyaweka maji ya zamani na kuyapima.

Tangi lenyewe lilikuwa na urefu wa sentimita 80, na ukiondoa nafasi iliyochukuliwa na kokoto na gogo, lilibeba lita 100 hivi za maji. Ndani yake mlikuwa na neoni tetra 22, yaani wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni na wekundu kuelekea mkiani, pamoja na vyungu viwili vya mimea ya Anubias, hita iliyowekwa kwenye nyuzi 25, na chujio la sponji lililoendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Lilikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Miezi mitatu ya kwanza Sista alibadilisha robo ya maji kila wiki, kama nilivyomshauri, kisha goti likaanza kumsumbua na kubeba ndoo kukawa mateso. Wakati huohuo mtu mmoja akamwambia kwamba tangi likishakomaa hujisafisha lenyewe. Akaacha kubadilisha maji, akawa anajaziliza tu yale yaliyopungua kwa kukauka.

Maji yalibaki meupe kama kioo, na hilo ndilo lililomdanganya. Ung'avu wa maji hauonyeshi zaidi ya kwamba hakuna kitu kinachoelea ndani yake. Yaliyoyeyuka humo hayaonekani kwa macho, na kwa kiwango hicho hayanuki.

Dalili zilikuwapo, na hapa sina budi kukiri kosa langu. Mwezi wa Mei Sista alinitumia video fupi kwa simu, akasema kwa furaha kwamba samaki wake hatimaye wamejifunza kutembea pamoja kama askari. Niliitazama: neoni wote ishirini na wawili walikuwa wamebanana katika pembe ya kushoto, karibu na sponji, vichwa vikielekea upande mmoja, kundi lisilozidi ukubwa wa embe. Nilimjibu kwa kumpongeza. Leo ningemwomba apime maji jioni ileile.

Neoni ni samaki wa kundi, lakini namna wanavyokaa katika kundi hubadilika kulingana na hali yao. Tangi likiwa tulivu, kundi hulegea. Kila samaki huwa na nafasi ya kutosha kuzunguka, mmoja akidonoa chini ya jani, mwingine akielea katikati, ingawa hakuna anayekwenda mbali na wenzake kwa muda mrefu. Wakitishwa, kwa mfano mlango ukigongwa au kivuli kikipita juu ya tangi, hukusanyika kwa kufumba na kufumbua, wakawa kitu kimoja kinachogeuka kwa pamoja. Macho ndiyo yanayowavutia kuelekea kwa wenzao, na ule mstari wa vipokezi vya mtikisiko unaopita ubavuni mwa samaki huwasaidia kukadiria umbali na mwendo wa jirani zao. Kubanana huko ni kinga: samaki mlaji hupata shida kumlenga mmoja akiwa katikati ya wengi wanaofanana naye. Kwa hiyo kundi lililobana ni kundi lililo na hofu. Wanunuzi wengi hupenda kuliona hivyo, na picha za matangazo huonyesha hivyo, lakini samaki anayebana kutwa nzima hana raha. Mimi sasa siangalii umbo la kundi kwa wakati mmoja. Ninagonga kidole mezani kidogo, kisha ninahesabu muda ambao kundi linachukua kulegea tena. Likilegea ndani ya dakika moja au mbili, nina amani. La Sista halikulegea kwa wiki kadhaa.

Mwezi wa Juni dalili ziliongezeka. Samaki waliacha kukimbilia chakula, mapezi yao yakawa yamekunjamana, na mstari wa buluu ukafifia mchana. Neoni hufifia usiku taa ikizimwa, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kufifia saa sita mchana ni jambo jingine. Sista, kwa jicho la wodini, aliyaona yote na kuyaandika. Alichokosa ni kipimo kimoja. Mwanzoni mwa Julai alinunua chupa ya matone ya kupimia pH, kipimo ambacho namba yake hushuka asidi inapozidi, akapima, na rangi ikawa njano ya mwisho kabisa ya chati, yaani 6.0 au chini yake. Matone ya kupimia amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, yaliuzwa peke yake, na hakuona sababu ya kuyanunua, kwa kuwa tatizo alikuwa ameshalipata: maji yamekuwa ya asidi. Alisoma kwamba soda ya kuokea hupunguza asidi, na jambo hilo ni kweli.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, alianza kazi akisaidiwa na mjukuu wake wa kike wa darasa la saba. Walitoa lita 60, wakazijaza katika mitungi mitatu ya lita ishirini, na mitungi hiyo wakaipanga kwenye roshani ili maji yake yamwagiliwe sukuma wiki. Sponji ya chujio waliiosha kwenye bomba hadi maji yakatoka meupe. Gogo lilisuguliwa kwa brashi. Kisha walijaza tangi kwa maji ya tangi kubwa lililo juu ya paa, wakiyachanganya na maji yaliyopashwa moto katika sufuria ili yasiwe baridi, kwa maana Julai ya Nairobi haina mchezo. Mwisho, vijiko viwili vya chai vya soda ya kuokea, kama gramu 10, vilikorogwa katika kikombe na kumiminwa polepole karibu na mapovu ya pampu. Saa sita walikuwa wamemaliza, na kwa muda samaki walionekana wamechangamka. Saa nane mchana wa kwanza alianza kupapatika juu ya maji.

Nilifika saa kumi na moja. Tangi lilikuwa linang'aa kuliko siku yoyote niliyowahi kuliona. Samaki waliobaki hai hawakuwa kundi tena, na hicho ndicho kitu cha kwanza kilichonishtua: kila mmoja alikuwa peke yake, wengine wamesimama wima chini ya uso wa maji wakivuta pumzi haraka, mmoja akizunguka katika mhimili wake kama jani lililonaswa na kizingia. Samaki wa kundi asiyewatafuta wenzake akiwa hatarini huwa neva zake zimeshaguswa. Mezani kulikuwa na bakuli la bati lenye umbo la figo, kumbukumbu ya wodi, na ndani yake samaki kumi na watatu wamelazwa kwa safu, mistari ya buluu imeshageuka kijivu.

"Mwanangu, ni klorini," aliniambia kabla hata sijavua viatu. "Nimewaua kwa klorini."

"Sista, maji haya yaliingia lini kwenye tangi la juu?"

"Jumatano. Wiki hii yalikuja Jumatano tu."

Jibu hilo lilipunguza sana uzito wa klorini. Klorini ya kawaida katika maji ya bomba hutoroka ikikaa wazi siku moja au mbili, na maji haya yalikuwa yamekaa siku tatu kisha sehemu yake ikapashwa moto. Nilipima hata hivyo, na hapakuwa na kitu. Nikaomba mitungi ya roshani. Bahati yetu ilikuwa kwamba sukuma wiki zilikuwa bado hazijamwagiliwa, kwa hiyo niliweza kupima maji matatu kando kando: yale ya zamani, yale ya paani, na yale yaliyomo tangini.

Maji ya paani yalikuwa na pH 7.6, hayakuwa na amonia, na kabonati yake, yaani chumvi zinazozuia asidi isizidi, ilikuwa digrii 2, ambayo ni kidogo. Maji ya zamani yalikuwa na pH ya mwisho wa chati, 6.0 au chini, na amonia ya miligramu 8 kwa lita, kijani cheusi kuliko vyote vilivyochorwa kwenye chati. Nilipoipima kabonati yake, tone la kwanza lilibadilisha rangi papo hapo, maana yake hapakuwa na chochote cha kupima. Maji ya tangini yalikuwa na joto la nyuzi 24, pH 8.2, kabonati kati ya digrii 4 na 5, na amonia iliyosomeka kati ya miligramu 3 na 4. Nitriti haikuwapo mahali popote. Nitrati katika maji ya zamani ilikuwa nyekundu iliyokolea, zaidi ya miligramu 100.

Vipimo hivyo vikisomwa pamoja, kisa kinajieleza. Samaki hutoa amonia mwilini kupitia mashavu, na chakula kinachooza huongeza. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji na kokoto huibadilisha kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ina madhara madogo zaidi. Jambo linalosahauliwa ni kwamba kazi hiyo huzalisha asidi na kula kabonati iliyomo katika maji: kila gramu moja ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa hula takriban gramu 7 za kabonati, ikihesabiwa kama chokaa. Maji ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka milima ya Aberdare na kupitia bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994. Hupita katika miamba ya volkano isiyo na chokaa ya kutosha, na ndiyo maana sabuni hutoa povu kwa urahisi na birika halijengi ukoko. Ni maji laini. Lita 100 zenye kabonati ya digrii 2 hubeba gramu tatu na nusu hivi, basi.

Nilimwomba mjukuu anionyeshe anavyolisha. Mfinyo wake wa asubuhi na wa jioni, nilipoupima kwenye mizani ndogo ya jikoni, ulikuwa nusu gramu kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho samaki 22 wa ukubwa ule wanahitaji. Katika chakula chenye protini asilimia 40, nusu gramu ina takriban miligramu 32 za nitrojeni, na sehemu kubwa yake huishia kuwa amonia. Kwa hesabu ya juu juu, kabonati yote ya tangi lile ingemalizwa ndani ya mwezi mmoja hivi kama hapaingii maji mapya. Kujaziliza maji yaliyokauka kulirudisha kiasi kidogo tu, na mimea miwili ya Anubias, ambayo hukua kwa uvivu wa ajabu, haikuweza kubeba mzigo uliobaki.

Kabonati ilipokwisha, pH haikuwa na kitu cha kuizuia, ikaporomoka. Hapo bakteria wenyewe wakaathirika: kazi yao hudhoofu pH ikishuka chini ya 6.5, na chini ya 6 karibu isimame kabisa. Amonia ikaanza kujilimbikiza mwezi baada ya mwezi. Kwa nini basi samaki hawakufa Mei au Juni?

Hawakufa kwa sababu asidi ileile iliyowalaza bakteria ndiyo iliyowakinga samaki. Amonia katika maji hukaa katika sura mbili. Moja ni amonia huru, sumu kali inayopenya mashavu ya samaki bila kizuizi. Nyingine ni amoniamu, ambayo imebeba chaji ya umeme na hupenya kwa shida. Kinachoamua sura ipi itawale ni pH, na joto kwa kiasi. Kwa nyuzi 24, pH ikiwa 6, katika kila sehemu 10,000 za amonia yote ni sehemu 5 tu zilizo huru. pH ikiwa 7 ni kama 50. Ikiwa 8 ni kama 500. Na ikiwa 8.2 ni takriban 770. Fanya hesabu ya tangi la Sista. Kabla ya usafi, miligramu 8 zilikuwa na amonia huru ya miligramu 0.004 kwa lita, ambayo neoni anaivumilia. Baada ya usafi, amonia yote ilishuka hadi miligramu 3.2, chini ya nusu ya awali, lakini iliyo huru ikapanda hadi karibu miligramu 0.25. Uchafu ulipungua, na sumu ikaongezeka mara sitini.

Ikumbukwe pia huyu ni samaki gani. Neoni, ambaye kisayansi leo huitwa Paracheirodon innesi, anatoka katika vijito vya Amazoni ya juu, na alielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1936, miaka michache baada ya kupatikana upande wa Peru. Maji ya kwao mara nyingi ni ya rangi ya chai kwa majani yaliyooza, laini mno, na ya asidi. pH iliyo chini ya 6 huko si jambo la ajabu. Wengi wanaouzwa leo wamezalishwa katika mashamba ya samaki na wamezoea maji ya kila namna, lakini mwili wao haujasahau. Kwa hiyo ile rangi ya njano iliyomtia Sista hofu haikuwa ugonjwa wa samaki wake. Ilikuwa taarifa kuhusu bakteria wake.

Nimeulizwa kama joto, au ghafla ya mabadiliko yenyewe, haikuweza kuwa chanzo. Maji ya paani yalikuwa na nyuzi 17, lakini yalipashwa, na tangi halikushuka chini ya 24. Kuruka kwa pH kutoka chini ya 6 hadi 8.2 ndani ya saa mbili ni mshtuko wa kweli, na sitaki kuutoa katika hesabu. Uliwadhoofisha samaki ambao tayari walikuwa wamechoka. Hata hivyo kuzunguka kwa mhimili, kuvuta pumzi juu ya maji yaliyojaa mapovu ya hewa, na kuvunjika kwa kundi ni dalili zinazoendana zaidi na amonia iliyofika kwenye neva. Ugonjwa wa neoni, ule unaoletwa na kimelea kiitwacho Pleistophora hyphessobryconis, huua polepole, samaki mmoja mmoja, kwa wiki nyingi, na huacha mabaka meupe misulini. Na kuosha sponji kwenye bomba, kosa ambalo kila mshauri angelitaja la kwanza, siku ile halikuua hata mmoja, kwa kuwa bakteria wake walikuwa wameshalala miezi mingi. Madhara yake yalikuja baadaye.

Sasa nieleze nilichofanya jioni ile, pamoja na nilichokosea. Nilitumia kama dakika ishirini na tano kupima maji wakati samaki wanakufa mbele yangu. Nilipaswa kwanza kujaza ndoo maji ya paani yaliyopashwa hadi nyuzi 24, kuweka jiwe la hewa, na kuwahamisha walio hai mara moja. Maji yale hayakuwa na amonia, na pH yake ya 7.6 haikuwa mbali na ile waliyokuwa nayo, kwa hiyo hapakuwa na hatari ya kuhamisha. Badala yake niliwaza kuliponya tangi lote: nikatoa lita 40 na kujaza maji yasiyo na soda, jambo lililopunguza amonia huru hadi kama miligramu 0.1, ambayo bado ni nyingi mno kwa samaki aliyekwisha kuumia. Ndoo ilikuja baadaye, saa kumi na mbili, wakati samaki tisa walikuwa hai. Maji ya paani yalikuwa yamekaribia kwisha, na jirani wa mlango wa pili akatupa mitungi miwili bila kuuliza ya nini. Wanne walifia ndani ya ndoo, wa mwisho saa mbili usiku. Watano waliifikia Jumapili wakiwa hai.

Dawa ya kuondoa klorini, ambayo Sista alikuwa nayo na ambayo mjukuu alishauri tuimimine, isingesaidia kitu. Ile ya kawaida yenye thiosalfeti huondoa klorini, lakini amonia haiigusi. Ziko dawa nyingine zinazofunga amonia kwa muda wa siku moja au zaidi, na chupa moja ya namna hiyo kabatini jioni ile ingekuwa na thamani kubwa, lakini hatukuwa nayo.

Swali la maana zaidi ni namna tangi lile lingeweza kuokolewa kama amonia ingepimwa kabla. Jibu ni kubadilika polepole, na sumu itangulie kutoka kabla asidi haijaondolewa. Ningeacha kabisa kuwalisha kwa siku tano au sita, na neoni mzima huvumilia hilo vizuri. Ningebadilisha lita 10 kila siku, kwa maji ya paani yasiyo na soda, huku nikipima pH na amonia kila jioni. Katika siku za kwanza pH ingepanda kuelekea 6.5, ambapo katika sehemu 10,000 za amonia ni 17 tu zilizo huru, na hapohapo bakteria wangeanza kuamka. Baada ya wiki moja amonia yote ingekuwa chini ya nusu, hata bila msaada wao. Sponji ningeikamua katika ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Soda ya kuokea ningeifikiria mwishoni kabisa, kwa robo kijiko, au nisingeifikiria: lita 20 za maji mapya kila wiki hurudisha kabonati ya kutosha kwa samaki wasiolishwa kupita kiasi.

Wasomaji wa pwani watashangaa kisa kama hiki, na wana haki. Maji ya visima vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe, kama vile vya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hubeba chokaa nyingi kiasi kwamba kabonati haiishi kwa urahisi, na pH hukaa juu mwaka mzima. Huko shida ni nyingine: amonia ikitokea, hata kidogo, huwa kali tangu siku ya kwanza, na neoni hawazai wala hawang'ai kama katika maji laini. Kwa mtu wa Mombasa mwenye maji ya kisima ningemshauri achague samaki wa kundi wanaopenda chokaa na asigombane na bomba lake.

Baada ya mkasa kulikuwa na ubishi mdogo nyumbani kwa Sista. Mjukuu alitaka samaki wapya wiki ileile, na hoja yake haikuwa ya kitoto: wale watano walikuwa wamejificha nyuma ya gogo kutwa, wanakula usiku usiku, na samaki wa kundi akibaki na wenzake wachache huishi kwa wasiwasi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010, uliolinganisha samaki wa nyumbani, wakiwamo neoni, waliowekwa mmoja mmoja, wawili, watano na kumi, ulionyesha kwamba makundi makubwa huwa na hali njema zaidi kuliko madogo. Mimi mwenyewe huwaambia watu waanze na kumi, na ile desturi ya madukani ya kusema sita naiona ni ya kuuzia tu. Lakini sponji ilikuwa imeoshwa ikabaki tupu, na kuleta samaki kumi na watano juu ya chujio lisilo na bakteria kungekuwa kurudia amonia kwa mlango mwingine. Tulikubaliana kusubiri. Niliwapa kipande cha sponji yenye umri mrefu kutoka katika tangi langu, tukakiweka kando ya ile yao, na chakula kikapunguzwa hadi mfinyo mdogo mara moja kwa siku. Wiki ya tatu nitriti ilionekana kidogo. Wiki ya sita hapakuwa na amonia wala nitriti. Samaki wapya kumi na watano walikaa wiki tatu katika beseni la peke yao lenye hita na hewa, na wawili waliokonda wakafia humo, kabla ya waliobaki kuungana na wale watano.

Siku ya kuunganishwa nilikuwapo. Wapya walikimbilia pembeni wakabana, na kwa dakika chache wale watano hawakutoka. Kisha mmoja akachungulia, akaingia katikati ya kundi, wengine wakamfuata, na muda si mrefu sikuweza kuwatofautisha ila yule mmoja ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limekatika siku ya mkasa.

Goti la Sista halijapona, kwa hiyo maji sasa hutolewa kwa mpira mrefu unaofika hadi roshani, na mjukuu ndiye anayejaza. Daftari la hospitali lenye mistari ya bluu limewekwa kando ya tangi, na kila Jumamosi hujazwa safu tano kwa mwandiko wa wodini: joto, pH, kabonati, amonia, na safu ya mwisho iliyoandikwa "kundi". Mara ya mwisho nilipolifungua, safu hiyo ilisomeka: "Wametawanyika. Mlango uligongwa saa tatu. Walibana, wakaachana baada ya sekunde arobaini."